Anayeshindilia Hasalimiwi

Barua ilifika Jumatatu asubuhi, wakati Mama Pindo ana pini nne mdomoni na bwana harusi mtarajiwa amesimama juu ya stuli mbele yake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa, mwingine unaburuza. Tarishi aliiweka juu ya meza ya cherehani, akasema, "Ya mzee hiyo," akaenda zake. Muhuri ulikuwa wa ofisi ya leseni za silaha. Mama Pindo aliutazama, akamtazama baba yake pale dirishani, akazitema pini kiganjani.

"Shuka, mwanangu," alimwambia bwana harusi. "Suruali itakusubiri. Na harusi haiwezi kuanza bila wewe."

Duka lao lilikuwa chumba kimoja chenye mafundi wawili. Upande wa mlangoni ulikuwa wa Mama Pindo: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kapu la vipande vya nguo ambalo halijawahi kujaa wala kuisha. Upande wa dirishani ulikuwa wa baba yake, fundi saa, aliyekaa pale miaka arobaini na kioo jichoni akifungua skrubu ambazo mtu mwingine angedhani ni vumbi. Sasa mikono ilikuwa inatetemeka. Kilianza kidole kimoja, kikawaita wenzake, na mwaka huo mzee alikuwa hawezi hata kushika kikombe cha chai kilichojaa. Wateja wa saa waliacha kuja mmoja mmoja, kwa adabu. Yeye aliendelea kukaa pale pale, akichungulia barabara na kuwatania wateja wa binti yake, hasa wale waliodai suruali imejibana yenyewe kabatini.

Mama Pindo alimsomea barua. Ofisi imepokea cheti cha daktari. Kwa kuwa mmiliki hawezi tena kulishindilia gobore lake kwa usalama, leseni yake itafungwa mwisho wa mwezi. Iwapo mtu mwingine wa nyumba hiyo atafaulu mtihani wa Jumamosi ya mwisho, silaha itabaki nyumbani chini ya mtu huyo. La sivyo, itachukuliwa na kuhifadhiwa katika ghala la polisi.

"Kuhifadhiwa," alisema mzee.

Neno hilo wote wawili walilijua. Baiskeli ya jirani yao seremala ilipelekwa huko ihifadhiwe kwa siku tatu, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Gobore, kwa asiyelijua, ni bunduki ya kizamani inayolishwa kwa mdomo. Unamimina baruti kutoka juu ya mtutu, unafuatisha risasi ya mviringo iliyozungushiwa kitambaa, unashindilia kwa mti mrefu uitwao mdeki, ndipo unapiga. Unapiga mara moja tu. Ukitaka ya pili unaanza upya, baruti, kitambaa na yote. Ni silaha ya mtu asiye na haraka, na fundi saa hakuwahi kuwa na haraka hata siku aliyooa. Mtutu na mtambo wake aliviokota kwa muuza vyuma chakavu, kutu tupu, akavifufua kwa miaka miwili kwa vidole vile vile vya saa. Marehemu mkewe, alipoona bwana analipaka mafuta kila asubuhi kabla hajagusa chai, alitangaza kwamba nyumba hii sasa ina wake wawili, na mkubwa ndiye anayefua. Tangu hapo gobore likaitwa Bi Mdogo, na mtaa mzima ukalijua kwa jina hilo.

Wiki ile mzee hakumtania mtu. Mwanamke mmoja aliingia akitaka gauni la mtu mwembamba, akiwa yeye ni mpana wa kutosha watu wawili, na dirishani kukawa kimya. Hapo Mama Pindo aliogopa. Saa tatu za ukutani, ambazo mzee alizitia ufunguo kila siku hata baada ya mikono kuharibika, zilisimama moja baada ya nyingine. Ndevu zake zikaota hovyo. Mama Pindo, aliyerudi kwenye nyumba hii baada ya kufiwa na mume, alikwisha kuona mtu akiaga dunia taratibu namna hiyo, akiwa bado amekaa kitini, na hakutaka kuona tena.

Alimpigia simu kaka yake, mhasibu katika mji mwingine.

"Waache walichukue," kaka alisema. "Chuma kile kitamfaa nini mzee wa miaka themanini na mmoja?"

"Kitamfaa kuamka asubuhi," Mama Pindo akajibu, akakata simu kabla hajaongeza mengine. Ulimi wake haukuwa na breki. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake ya pili mtaani. Ya kwanza ni kwamba pindo zake hazikuwahi kupinda.

Alhamisi alifunga cherehani, akavuta stuli hadi dirishani.

"Baba, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kumlisha mama mdogo."

Mzee alimgeukia, akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Wewe? Wewe ambaye hujafunga mdomo tangu mkunga alipokukata kitovu?"

"Kwani gobore linapigwa kwa mdomo?"

"Linaharibikia hapo hapo kwenye mdomo," alisema mzee, akageukia barabara, na Mama Pindo akadhani ndiyo basi. Lakini kesho yake asubuhi baba yake alitoka chumbani amenyoa ndevu, mwenyewe, kwa mikono ile. Kidevuni alikuwa amebandika vipande vitatu vya gazeti kuzuia damu, na machoni alikuwa na hamu ya kugombana na mtu. Mama Pindo alifurahi mpaka akaunguza shati la mteja kwa pasi.

Darasa lilikuwa pale pale dukani, saa ya mchana, mlango umefungwa. Badala ya baruti walitumia unga, na badala ya risasi vidonge vya nta. Mzee alikaa kitini kama hakimu, fimbo mkononi, akitaja hatua tano ambazo alitaka ziingie mpaka kwenye mifupa: baruti, kitambaa, risasi, mdeki, fataki. Fataki ni kile kikofia kidogo cha shaba kinachotiwa mwisho kabisa, na ndicho kinachotoa cheche. Siku ya kwanza Mama Pindo alishika kipimo cha unga, akaanza kumsimulia baba yake habari za mke wa mwalimu aliyeshonesha magauni mawili ya rangi moja ili mumewe asijue kama analo jipya. Alifika mwisho wa hadithi pamoja na mwisho wa kazi.

"Tayari," alisema.

"Tayari nini? Vuta nta na kitambaa, kisha geuza mtutu chini."

Hakukumwagika hata chembe ya unga. Kitambaa kilikuwamo, nta ilikuwamo, imeshindiliwa barabara, na nyuma yake hakuna kitu.

"Hapo ungepata 'tik' na aibu," alisema mzee. "Na risasi ikishaingia bila baruti haitoki kwa maombi. Utaivuta na skrubu mpaka jua lizame. Siku nyingine utapiga hadithi nyingine, utamimina mara mbili, na hiyo ndiyo itakayokuvuta wewe."

Mara ya pili alisahau tena. Mara ya tatu alimimina unga mara mbili. Basi mzee akamwambia aende mtungini, ajaze maji mdomoni, na asimeze wala kutema mpaka fataki iwe mahali pake. Mama Pindo alishindilia namna hiyo siku nne, mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta. Wateja waliogonga mlango walifunguliwa na mwanamke asiyesema, wakaondoka wakinong'onezana kwamba fundi ameng'olewa meno. Lakini siku ya tano mikono yake ilienda yenyewe, baruti, kitambaa, risasi, mdeki, fataki, kama inavyokwenda kwenye mshono ambao hauhitaji kuutazama. Mzee alisimama, akatia ufunguo saa moja ya ukutani. Hakumpongeza zaidi ya hapo.

Jumamosi walikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, mahali ambapo wapiga magobore walikutana. Walikuwa watu kumi na wawili, wakiongozwa na zimamoto mstaafu ambaye, baada ya kuzima moto miaka thelathini, aliamua uzee wake autumie kuuwasha kwa mpangilio. Nje ya kamba iliyozungushwa uwanja wa kupigia watu walisalimiana mpaka habari za mbuzi. Ukishaingia ndani ya kamba, mtu aliyeshika gobore lake na pembe ya baruti ulimpita kama unavyopita nguzo, hata awe mkweo. Kwenye kibao cha lango palikuwa pameandikwa: ANAYESHINDILIA HASALIMIWI. Wala yeye haitikii. Nyumba yake ikiungua atapewa habari akimaliza.

Kuhusu kitambaa cha kuzungushia risasi, Mama Pindo alikuwa amegoma kufundishwa. "Baba, saa ni zako, nguo ni zangu," alisema, akakata miduara hamsini kutoka mabaki ya sare za shule. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba, akaguna, akanyamaza kwa raha kubwa. Mpigo wa kwanza ulitoka vizuri: mshindo uliomfika mpaka visiginoni, na moshi mweupe mnene uliompotezea machimbo yote. Alijikuta anacheka peke yake ndani ya moshi ule. Kisha harufu ikaja.

"Nani anachoma ndoo?" aliuliza zimamoto, na pua zake zilikuwa pua za kazi.

Zile sare hazikuwa pamba. Zilikuwa plastiki iliyosokotwa, na joto la baruti lilikuwa limeziyeyusha zikagandamana na ukuta wa mtutu. Risasi ya pili iligoma katikati ya safari. Mwoka mikate, ambaye gari lake ndilo lililowaleta, alivunjika mbavu. "Fundi nguo mzima!" alisema. "Amevaa tepu shingoni, na hajui alichokikata!" Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, na Mama Pindo, aliyemwona baba yake akicheka hivyo kwa mara ya kwanza tangu barua ifike, hakuweza kukasirika hata alipojaribu. Walishinda wakisugua kwa maji ya moto mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata alilifikiria jambo hilo kama fundi. Alitafuta pamba tupu, iliyofumwa kwa kubanana, nene lakini inayokubali kukunjika, akaipata kwenye kitambaa cha mistari cha magodoro. Alikifua kutoa wanga, akakikata, akakipaka mafuta ya nta. Jumamosi ile, baada ya mpigo, zimamoto aliokota kitambaa chake nyasini, akakiinua juani. Kilikuwa kimeungua kingo tu. Katikati kizima kabisa. Ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kilizunguka mkono kwa mkono, na daktari wa meno, mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu, akaomba vipande ishirini. "Foleni ipo," alisema Mama Pindo.

Tatizo lilibaki kwa mzee. Kila binti yake alipoingia ndani ya kamba, yeye alikaa kwenye benchi nyuma yake, shingo mbele, midomo inacheza. Alikuwa anashindilia naye, kila hatua, bila gobore. Zimamoto alimwonya mara mbili kwa upole, kwamba hata kunong'ona ni kusema. Mzee alijibu kwamba yeye alikuwa ndani ya kamba hii kabla zimamoto hajajua kuwasha kiberiti.

Jumamosi ya mtihani ofisa wa leseni alikuja na faili. Alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa koti lenye mabega ya mtu mwingine, na Mama Pindo akayapunguza kwa macho kabla hajajizuia. Ofisa alisoma masharti kwa sauti. Mtahiniwa atashindilia na kupiga mara tano. Kosa lolote la kushindilia, ameanguka. Risasi tatu ziguse ubao, uliokuwa hatua hamsini mbele. Na mtahiniwa asisaidiwe na mtu yeyote. Zimamoto atasimamia, ofisa ataandika. Mwisho wa faili kulikuwa na fomu mbili, moja ya kijani na moja nyekundu, na nje ya machimbo lilikuwa limesimama gari la ofisi lenye sanduku refu la chuma nyuma. Mzee aliliona sanduku lile. Alikaa kwenye benchi lake, fimbo kati ya magoti.

Mpigo wa kwanza ulipiga ubao. Wa pili ulipita juu, ukala jiwe. Wa tatu ukapiga. Wa nne, Mama Pindo aliharakisha kidogo tu, upana wa uzi, na risasi ikaenda zake. Ilibaki moja, ya kufa na kupona.

Alipangusa mtutu. Alimimina. Aliweka kitambaa mdomoni mwa mtutu, akaweka risasi juu yake, akainua mkono kuchukua mdeki.

"Baruti!"

Ilikuwa sauti ya baba yake, kubwa, iliyopasuka katikati. "Baruti! Hujatia baruti, wewe!"

Mwoka mikate alijishika kichwa.

Mama Pindo aliganda. Kwa miaka hamsini na minne sauti ile ikimwita alikuwa akijibu "Abee, baba" kabla ya kujua anaitiwa nini, na sasa neno lilikuwa limeshafika mlangoni mwa meno. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alilelewa na hilo, na yeye mwenyewe amelelea watoto wanne kwa hilo hilo. Na huyu hakuwa mkuu tu, alikuwa mwalimu. Akimsikiliza, atatoa risasi, atamimina. Ikiwa baruti tayari imo, itakuwa mara mbili. Ikiwa haimo na yeye akaendelea, mtutu utalia 'tik' mbele ya ofisa, na Bi Mdogo ataingia kwenye sanduku lile. Alijaribu kukumbuka alivyomimina, na hakukumbuka chochote. Kichwa kilikuwa cheupe.

Lakini mikono ilikumbuka. Aliitazama. Ilikuwa imetulia, kama inavyotulia ikiwa imekwisha kupita mahali. Miaka yote hiyo ya cherehani hakuna mshono mmoja aliowahi kuukumbuka, na hakuna mmoja alioruka.

Alilimeza lile "Abee". Akapiga moyo konde, akachukua mdeki, akashindilia.

Kwenye mdeki palikuwa na pete nyekundu iliyochorwa, kama ilivyo kwenye mideki yote ya pale. Pete ikisimama sawasawa na mdomo wa mtutu, kila kitu kimo. Ikizama ndani, baruti haimo. Ikibaki juu, imezidi. Mama Pindo alisukuma mpaka mwisho, akatoa mkono. Pete ilisimama sawasawa na mdomo wa mtutu. Bila kugeuka, bila kufungua mdomo, alimwonyesha zimamoto kwa kidole. Zimamoto aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kukubali.

Alichomoa mdeki. Akatia fataki. Akainua, akalenga, akangoja pumzi yake mwenyewe iishe, akapiga.

Moshi ulipotanda hakuona kitu. Alisikia "ta!" ya mbao mbele kule, kisha kelele za watu nyuma, na mwoka mikate akipiga mluzi ambao ungeita mbwa wa wilaya nzima.

"Samahani," alisema ofisa, kalamu juu. Kelele zikashuka. "Yule mzee amesema naye. Masharti yanasema asisaidiwe."

Zimamoto alivua kofia, akakuna kichwa. "Mheshimiwa, angemsikiliza angekuwa amemimina mara mbili. Sasa huo ni msaada? Mimi naona ulikuwa mtihani wa sita."

Watu walicheka, ila ofisa hakucheka. Alimgeukia mzee. "Wewe ulimwona hakutia?"

Mzee alisimama kwa fimbo. Mama Pindo, ambaye sasa aliruhusiwa kugeuka, aliona uso wa baba yake na moyo ukamuuma. Mtu huyu hakuwahi kukubali kosa. Saa ikichelewa mikononi mwake, jua ndilo lililowahi.

"Nilimwona," alisema mzee. "Ndivyo nilivyoona. Lakini ametia, na mimi nimekosea." Akaielekeza fimbo kwenye faili. "Sikumsaidia, mama. Nimemsumbua. Mwandikie hivyo."

Ofisa aliandika. Alichana fomu ya kijani, akagonga muhuri juu ya goti lake. Mtunzaji wa silaha: fundi cherehani, binti wa mmiliki wa zamani. Mama Pindo aliusoma mstari ule mara mbili. Alikuwa na furaha ya kumfanya aruke, na neno lile la mwisho likamchoma papo hapo, vyote kwa pamoja, asijue aanze na kipi.

"Na wewe mzee," alisema zimamoto, "unaijua sheria. Aliyesema na anayeshindilia..."

"Anatoka nje ya kamba mpaka msimu uishe. Niliitunga mimi," alisema mzee, akatoka mwenyewe, polepole. Wote wakampisha njia.

Kurudi, walikaa nyuma ya gari la mikate, Bi Mdogo amelazwa kati yao juu ya trei tupu. Mama Pindo aliongea njia nzima, maana alikuwa na maneno ya asubuhi nzima ya kulipiza. Aliongea habari za koti la ofisa, za mluzi wa mwoka mikate, za risasi ya nne na mahali ilikokwenda. Mzee aliitikia "Mm." Mara moja tu alisema, "Nilikuwa na hakika, unajua." Naye akajibu, "Najua, baba. Hata mimi karibu nikuamini."

Gobore lazima lioshwe siku ile ile. Masizi ya baruti hula chuma, na kesho ni kuchelewa. Kazi hiyo mzee hakuwahi kumwachia mtu. Hata mwaka huu wa kutetemeka, alipokuwa akimwaga nusu ya maji kabla hayajaufikia mtutu, ukinyoosha mkono kumsaidia aliupiga kwa brashi. Basi Mama Pindo alichemsha maji kama kawaida, akayatia kwenye beseni uani nyuma ya duka, akaweka sabuni, brashi na vitambaa vikavu, akamlaza Bi Mdogo mezani, akasogea pembeni kumpisha.

Mzee alikaa kwenye stuli yake, mikono magotini. Hakuishika brashi.

"Baba, maji yanapoa."

"Nayaona."

"Sasa?"

Aliangalia mtutu, kisha ukuta, kisha mikono yake. "Osha wewe," alisema. "Bunduki ya mtu haioshwi na mgeni."

Mama Pindo alisimama pale, kitambaa mkononi. Mdomo wake, uliokuwa haujawahi kukosa la kusema kwa mtu yeyote, ulikauka. Machozi yalimjia na akayaacha yaje. Kisha akalisukuma beseni kwa mguu mpaka mbele ya stuli ya baba yake.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Shika mtutu huku chini, baba, usije ukateleza. Kwa mikono miwili."

Mzee alishika. Mikono ilitetemeka, mtutu ukatetemeka nayo, maji meusi yakawamwagikia wote wawili miguuni, na hata hawajafika katikati mzee akaanza kumwambia kwamba anasugua vibaya.